Baba alikuwa katekista miaka 38 na hakuwahi kumsikia Mungu. Tuongee ukweli kuhusu Mungu anayejificha

Mwana wa Katekista (mleta uzi)

Wakuu salaam. Uzi huu nimeukalia miaka sita. Nilikuwa namsubiri mama, kwa sababu baba aliniomba asijue. Mama tumemzika Agosti iliyopita, basi sasa naweza kuandika.

Baba alikuwa katekista wa kigango kimoja kule milima ya Mbinga kwa miaka 38. Anayejua maisha ya vigango ataelewa. Padre anafika mara moja kwa mwezi, mvua ikikata njia hafiki kabisa. Ibada ya Jumapili ni katekista, mafundisho ya komunyo ya kwanza ni katekista, mtu akikata roho saa nane usiku anayegongewa mlango ni katekista. Kengele yetu ilikuwa rimu ya lori iliyoning'inizwa kwenye mparachichi, na baba aliigonga kwa kipande cha nondo saa kumi na moja na nusu kila alfajiri. Upande mmoja wa ile rimu ulikuwa umebonyea na kung'aa kama sahani, kwa jinsi alivyopiga mahali palepale miaka yote hiyo.

Moyo wake ulipopanuka na miguu kuvimba, tulimrudisha nyumbani. Usiku mmoja ilikuwa zamu yangu, namkanda miguu. Akaniuliza kama mama amelala. Nikamwambia amelala. Akasema: "Mwanangu, mimi sijawahi kusikia kitu. Hata siku moja. Nilidhani wenzangu wote wanasikia."

Nikamuuliza kusikia nini, baba? Akasema tangu ujana anaambiwa ongea na Mungu naye ataongea nawe. Yeye ameongea miaka yote. Hakupata sauti, hakupata ndoto, hata ile amani ya moyoni ambayo watu huisimulia kwenye ushuhuda hakuipata. Aliendelea kwa sababu watoto walihitaji kufundishwa na marehemu walihitaji kuzikwa. Kisha akaomba maji. Siku tisa baadaye akafariki.

Swali langu ni hili. Kama Mungu yupo, na anatupenda kama tunavyofundishwa, kwa nini ajifiche kwa mtu anayemtafuta? Simwongelei mtu aliyempa Mungu kisogo. Namwongelea aliyegonga hodi miaka 38.

Nawasilisha.

Shujaa wa Maombi

Pole kwa msiba, mkuu. Lakini ukweli lazima usemwe. Yeremia 29:13: "Nanyi mtanitafuta, na kuniona, mtakaponitafuta kwa moyo wenu wote." Mungu si mtu hata aseme uongo. Kama mtu hakumwona, kasoro iko kwa mtafutaji, haiko kwa anayetafutwa. Dini ni kitu kimoja na wokovu ni kitu kingine. Inawezekana mzee alitumikia utaratibu, hakumtafuta Bwana mwenyewe.

Nesi wa Usiku

Ndugu Shujaa, haya maneno yako nimeyasikia wodini mpaka nimeyachoka. Mama ameombea mtoto wiki nzima, mtoto amefariki, anakuja mtu na Biblia kwapani anamwambia imani yako ilikuwa pungufu. Mnamwongezea mtu jeraha juu ya jeraha.

Na kama moyo wa kutafuta unapimwa kwa kusikia, mfikirie Mama Teresa wa Kolkata. Barua zake kwa mapadre waliomwongoza kiroho zilichapishwa mwaka 2007, miaka kumi baada ya kifo chake. Mwenyewe aliwahi kuomba zichomwe moto. Kwenye barua zile anasema kuanzia pale alipoanza kazi ya kuokota wagonjwa mitaani, mwishoni mwa miaka ya 1940, ndani yake kulikuwa giza. Anaomba, hakuna kitu. Anatazama, haoni. Giza hilo lilipasuka kwa majuma machache tu mwaka 1958, kisha likarudi, na alikaa nalo mpaka kifo chake Septemba 1997. Hiyo ni karibu miaka 50. Mwaka 1979, mwaka uleule aliopewa Tuzo ya Nobel, alimwandikia padre mmoja kuhusu ukimya na utupu ulioko ndani yake.

Kanisa limemtangaza mtakatifu mwaka 2016. Sasa naye hakutafuta kwa moyo wote?

Baba yako mleta uzi hakuwa peke yake. Natamani angelijua hilo.

Mwana wa Katekista

Dada Nesi, Mungu akubariki, na nasema hivyo ingawa sijui kama kuna wa kubariki. Zile barua nilizijua baada ya mazishi. Nilikaa chini nikalia, kwa sababu baba aliishi akiamini kwamba katika kanisa zima la dunia nzima yeye ndiye pekee asiyesikia.

Ndugu Shujaa, nakujibu bila chuki. Ukisema aliyetafuta akapata ndiye aliyetafuta kweli, na aliyekosa hakutafuta kweli, basi hakuna mtu duniani anayeweza kukuonyesha kuwa umekosea. Hata aje nani, utamwambia hukutafuta. Ahadi isiyoweza kuvunjika kwa namna yoyote haijatuambia lolote kuhusu mtoaji wake.

Niweke hoja yenyewe mezani, maana haikuanzia kwangu. Kuna mwanafalsafa wa Kanada anaitwa J. L. Schellenberg. Alilelewa katika familia ya Kimennoniti, dhehebu lilelile tunalolijua kule Musoma. Mwaka 1993 alitoa kitabu ambacho ndani yake hoja ya kujificha kwa Mungu ilisimama kwa miguu yake, bila kuegemea hoja ya mateso, ile inayosema mateso ya duniani yanaonyesha Mungu hayupo. Kwa ufupi anasema hivi. Mungu mwenye upendo kamili hawezi kufunga mlango wa uhusiano kwa kiumbe yeyote anayeweza kuhusiana naye, isipokuwa kiumbe mwenyewe aufunge. Lakini huwezi kuhusiana na mtu ambaye hujui hata kama yupo. Kwa hiyo, kama Mungu huyo yupo, kusingekuwa na mtu hata mmoja asiyeamini ambaye hana ukaidi wowote ndani yake. Na watu hao wapo. Basi Mungu wa namna hiyo hayupo.

Angalieni vizuri anachodai. Hadai Mungu ashuke na ngurumo juu ya Uwanja wa Taifa. Anasema kiwango kidogo tu: mtu asiye mkaidi awe na sababu ya kutosha ya kuamini kuwa yupo. Baada ya hapo, kumpenda au kutompenda ni juu ya mtu.

Mfano wangu mwenyewe. Mtoto wa miaka minne amepotea Kariakoo siku ya Jumamosi. Analia, anaita mama, mama. Mama yake yuko hatua tano nyuma ya nguzo, anamwona, anamsikia, na amenyamaza. Mtu akikuuliza kwa nini, unaweza kubuni sababu ya dakika mbili: anataka mtoto ajifunze kutoachia mkono. Ya saa moja? Ya siku nzima? Mtoto akizeeka pale sokoni, akafa akiita, utasema mama alikuwa na sababu yake, au utaanza kujiuliza kama nyuma ya ile nguzo palikuwa na mtu?

Bin Shehe wa Pangani

Assalaam alaykum kwa wanaohusika, na amani kwa wote. Mwenyezi Mungu awape subira kwa wazee wenu.

Hoja nimeisoma mara mbili. Ina nguvu, lakini mtazame ina baba ndani yake. Imejengwa juu ya Mungu ambaye ni mzazi, na sisi ni watoto wake waliopotea sokoni. Sisi Waislamu hatumwiti Mungu baba. Yeye ni Mola, sisi ni waja. Ni Ar-Rahman, rehema yake imeenea kila kitu, lakini mja hana hati ya kumdai ajionyeshe. Nabii Musa mwenyewe aliomba kumwona, na jibu tunalisoma Sura ya 7 aya ya 143: hutaniona. Mlima ukapondeka, Musa akaanguka kazirai.

Hata hivyo siwezi kusema yuko mbali, maana Sura ya 50 inasema yuko karibu na mtu kuliko mshipa wa shingo yake. Majina yake mawili yamewekwa pamoja katika aya moja, Adh-Dhahir na Al-Batin, aliye dhahiri na aliyefichika. Wote ni yeye. Maalimu wangu alikuwa akisema jua hulioni kwa sababu limezidi, si kwa sababu limepungua.

Kuhusu anayetafuta akakosa, sisi hatuko wepesi wa kumhukumu kama ndugu Shujaa. Imam Al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliwagawa wasio Waislamu mafungu matatu. Kuna ambao jina la Mtume halikuwafikia kabisa. Kuna waliofikiwa na ujumbe kamili wakaujua na kuukataa. Na kuna waliofikiwa na habari zilizopotoshwa tangu utotoni. La kwanza na la tatu aliwapa udhuru. Na Sura ya 17 aya ya 15 inasema Mungu haadhibu mpaka apeleke mjumbe.

Na Al-Ghazali huyu hakuongea kutoka kwenye kiti cha raha. Kwanza alipita karibu miezi miwili haamini hata macho yake wala hesabu, na anasema hakuponywa na hoja, aliponywa na nuru aliyotiwa kifuani. Kisha mwaka 1095, akiwa mwalimu mkubwa kuliko wote Baghdad, ulimi ulimkauka mbele ya wanafunzi, hakuweza kutamka neno wala kumeza chakula vizuri. Aliacha kazi akaondoka mjini.

Mwana wa Katekista

Shehe, asante sana. Hili la baba limenigusa pabaya na pazuri kwa pamoja. Ni kweli, hoja inamlenga Mungu anayeitwa Upendo. Anayesema Mungu hana deni la kujionyesha, hoja haimpati sawasawa. Lakini nami nikuulize. Udhuru wa adhabu ni rehema, nakubali. Ila aliyesamehewa kwa sababu hakujulishwa bado ameishi na kufa bila kumjua aliyemuumba. Swali langu halikuwa la moto wa Jehanamu. Lilikuwa la uso.

Na ile nuru aliyotiwa Al-Ghazali kifuani, aliitia Mungu. Kwa nini kwake na si kwa mwingine?

Bin Shehe wa Pangani

Hapo ndugu yangu ndipo ninapoweka mkono kinywani. Allahu aalam.

Kalamu ya Gulu

Naandika kutoka Nairobi, nyumbani ni Acholi, kaskazini mwa Uganda. Mtanisamehe Kiswahili changu kikiyumba.

Tumezoea kusema Mwafrika amezaliwa na Mungu moyoni. Mzee John Mbiti, mwanatheolojia wa Kitui, Kenya, alikusanya habari za Mungu kutoka makabila karibu 300, na akaandika mwaka 1969 kwamba Waafrika wamezama kwenye dini kupita kiasi. Wengi wanatumia kazi yake kusema hakuna mtu ambaye Mungu amejificha kwake, kila kabila lilikuwa na jina lake.

Okot p'Bitek, mshairi na msomi wa kwetu, alimpinga. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 alisimulia kisa cha mwaka 1911. Mapadre wa Kiitaliano waliwauliza wazee wa Acholi: nani aliwaumba? Lugha yetu haikuwa na neno la kuumba kwa maana yao, swali likatoka kama "nani aliwafinyanga?" Wazee wakashangaa. Mtu anazaliwa na mama yake, anafinyangwaje? Walipobanwa sana, mmoja akakumbuka kuwa kuna watu wanaofinyangwa kweli, wale ambao kifua kikuu cha uti wa mgongo kinawapinda wanakuwa na kibiongo. Akasema anayefinyanga watu ni Rubanga. Hilo lilikuwa jina la roho mbaya inayoleta kibiongo. Mapadre wakaandika: Mungu wa Acholi anaitwa Rubanga. Mpaka leo kanisani kwetu watu wanaomba kwa jina hilo.

Bibi yangu alilicheka sana jambo hili, lakini mimi halinichekeshi. Wale wazee hawakuwa wakaidi. Hawakumfukuza Mungu. Walikuwa na roho zao, wahenga wao, na mahali pao pa ibada, ila Muumba mmoja wa mbingu na nchi hakuwa kwenye mawazo yao, na hakuna aliyewahi kuwanong'oneza kabla ya mapadre. Kama Okot ana haki, basi watu ambao Schellenberg anawataja walikuwepo kwetu kijiji kizima, vizazi kwa vizazi. Kama Mbiti ana haki, hoja inapoteza mguu mmoja. Mimi namwamini Okot, kwa sababu niliuliza wazee kabla hawajaisha.

Mwalimu wa Zamu

Uzi mzuri, nimeusoma wote nikiwa nasahihisha madaftari.

Nadhani tumeruka jibu kubwa kuliko yote, la uhuru. Mwanafalsafa John Hick wa Uingereza alilieleza kwamba Mungu ameweka umbali wa makusudi kati yake na ujuzi wetu, ili tumjie kwa hiari. Fikiria mkuu wa shule amesimama dirishani siku nzima. Hakuna mwanafunzi atakayeibia mtihani, lakini hakuna pia atakayekuwa mwaminifu. Wote watakuwa na hofu tu. Mkuu akiondoka dirishani ndipo tabia inaanza kuumbika.

Na kabla ya Hick kuna Pascal, Mfaransa aliyefariki mwaka 1662. Aliupenda ule mstari wa Isaya 45:15, "Hakika wewe ni Mungu ujifichaye nafsi yako." Alisema mwanga upo wa kuwatosha wanaotamani kuona, na giza lipo la kuwatosha wasiotamani. Dini isiyosema kwamba Mungu amejificha, kwake haikuwa ya kweli. Kwa hiyo, mleta uzi, ufiche haujaja kama mwizi usiku kuivamia imani. Umeandikwa ndani yake. Ayubu alisema naenda mbele wala hayuko, narudi nyuma siwezi kumwona. Zaburi ya 13 inauliza hata lini utanificha uso wako. Waliouliza swali lako ndio walioandika Biblia.

Bin Shehe wa Pangani

Mwalimu, nami nikiwa upande wa wanaoamini, hilo la uhuru halinikai. Ibilisi alimjua Mungu bila chembe ya shaka. Aliongea naye moja kwa moja, akaamrishwa amsujudie Adam, akakataa. Kujua kwake hakukumnyima uhuru hata kidogo.

Nesi wa Usiku

Na Wana wa Israeli waliona bahari inagawanyika, wakasikia mlima unanguruma, na kabla Musa hajashuka walikuwa wameshayeyusha hereni kutengeneza ndama. Yakobo 2:19 inasema hata mashetani wanaamini na kutetemeka. Kumbe mtu anaweza kujua vizuri kabisa na bado akachagua vibaya.

Mwalimu wa Zamu

Mmenibana kwa haki. Nitasema basi kwamba uhuru si jibu la kila mtu, labda ni la baadhi. Inawezekana wapo ambao wakijua mapema watajikweza, au wataigeuza habari hiyo kuwa fimbo ya kuwapigia wenzao. Lakini nakiri kwamba kwa mzee wa Mbinga sioni uhuru gani ungevunjika kwa kusikia amani usiku mmoja.

Mwana wa Katekista

Mwalimu, asante kwa kukiri.

Kuhusu Pascal kuna jambo moja lazima nilitaje. Alipofariki, mtumishi alihisi kitu kigumu ndani ya bitana ya koti lake. Akafumua, akakuta karatasi iliyoshonewa humo. Ilikuwa kumbukumbu ya usiku wa tarehe 23 Novemba 1654, kuanzia kama saa nne na nusu usiku hadi kama saa sita na nusu. Neno moja limesimama peke yake: Moto. Kisha Mungu wa Ibrahimu, Mungu wa Isaka, Mungu wa Yakobo, si wa wanafalsafa. Yaani yeye anayetueleza kwa nini giza linafaa alipewa saa mbili za moto, akazibeba kifuani miaka minane, anahamisha kutoka koti hadi koti.

Simlaumu. Ningeshona na mimi. Lakini baba hakuwa na cha kushona kwenye koti.

Wa Bugesera

Nimekuwa nasoma tu tangu juzi. Natoka Rwanda, Kiswahili nimekisomea Bukavu.

Kwetu kuna msemo: Imana yirirwa ahandi igataha i Rwanda. Mungu hushinda mchana kwingine, jioni hurudi kulala Rwanda. Nilikua nikiusikia kama mtu anavyosikia jina lake. Baada ya mauaji ya kimbari ya 1994 kuna watu waliouacha, na kuna waliouliza: siku zile mia alikwenda kulala wapi?

Kanisa la Nyamata liko wilaya yetu. Watu walikimbilia humo wakijua kanisa ni mahali salama. Ukiingia leo, mabenchi yamejaa nguo zao. Si maonyesho yaliyopangwa vizuri, ni marundo. Sketi, makoti ya watoto, zimeshika rangi moja ya udongo. Kitambaa cha altare bado kina madoa.

Na Nyange huko magharibi ilikuwa mbaya kwa namna nyingine, kwa sababu padre mwenyewe alihusika kanisa lilipoangushwa kwa tingatinga juu ya waumini wake. Mahakama ya kimataifa iliyokaa Arusha ilimhukumu kifungo cha maisha mwaka 2008.

Mama mkubwa alinusurika. Anaenda misa kila siku. Nilimuuliza mara moja tu kama Mungu alimjibu kule ndani. Akanyamaza muda mrefu, akasema: "Hapana. Lakini nilikuwa na mtu wa kumwita." Sijui niiweke wapi hiyo kauli, ndiyo maana nimeileta hapa.

Mwana wa Katekista

Ndugu wa Bugesera, pole, na asante. Msalimie mama mkubwa kwa heshima zote.

Nimekaa na maneno yake usiku kucha. Nadhani yamenisaidia kuona kwamba nilikuwa nimefunga mizigo miwili kwa kamba moja.

Kuna ufiche wa anayeamini. Mama mkubwa, Mama Teresa, Ayubu, yule mwimbaji wa zaburi, na baba. Hawa hawasemi Mungu hayupo. Wanasema yupo na amenyamaza. Maumivu yao yana mtu wa kulaumiwa, yana anwani. Wayahudi wana jina kabisa la jambo hili, kuficha uso, kutoka Kumbukumbu la Torati 31, na baada ya Auschwitz, kambi ya Wanazi walikouawa Wayahudi wengi, marabi wao walilirudia sana.

Na kuna ufiche wa asiyeamini, ambao ndio wa Schellenberg. Wazee wa Acholi wa mwaka 1911. Na mimi. Maana sijasema bado, mimi siamini tena. Sikuacha kwa hasira ya kifo cha baba, wala sikutaka uhuru wa kutenda dhambi, maisha yangu ni yaleyale na mke wangu ni shahidi. Niliendelea kuomba mwaka mzima baada ya mazishi, saa kumi na moja na nusu alfajiri, kwa sababu mwili ulishazoea kuamka. Siku moja nikagundua kwamba sauti pekee iliyokuwa chumbani ilikuwa yangu, na kwamba imekuwa hivyo tangu mwanzo. Sikufurahi. Nilihisi kama mtu aliyekuwa anaongea na simu iliyokatika.

Mtu aliye kwenye ufiche wa kwanza anaweza kuambiwa subiri, usiku wa giza una mwisho, watakatifu walipita huko. Mtu wa pili huwezi kumwambia hivyo, kwa sababu hajui kama kuna wa kusubiriwa. Na tunakosea sana tunapompa wa pili dawa ya wa kwanza, au kibaya zaidi, tunapompa dharau ya wakaidi.

Kwa hiyo sijaleta uzi huu kuwaondoa watu kwenye imani. Hoja naiona ina nguvu, Shehe ameonyesha inapoishia, na Mwalimu ameonyesha kwamba Biblia ililijua swali. Ninachokililia ni kitu kimoja. Aliyetafuta akakosa, akikwambia alitafuta, mwamini. Baba angeambiwa hivyo na mtu mmoja tu katika miaka 38, asingesubiri mpaka miguu imvimbe ndipo aseme.

Kalamu ya Gulu

Naunga mkono.

Mwalimu wa Zamu

Swali dogo, mkuu. Kwa nini unadhani aliamua kukwambia wewe? Angeweza kwenda nalo.

Mwana wa Katekista

Nimejiuliza sana. Mwanzoni nilidhani alitaka kuungama. Lakini padre alikuja siku tatu baadaye, akampa mpako wa wagonjwa, wakakaa wawili ndani kwa muda, kwa hiyo la kuungama alikuwa nalo mahali pake. Nadhani alinitazama jinsi nilivyokuwa nimekaa kwenye misa Jumapili ile, akajua. Mtu wa giza anamjua wa giza mwenzake. Alitaka nisije nikadhani ni mimi peke yangu.

Shujaa wa Maombi

Nimesoma yote. Nilitaka kuandika jibu refu juzi, nikalifuta. Jana nikaandika jingine, nalo nimelifuta.

Yeremia 29:13 bado naiamini kama ilivyo. Sitaiondoa kwa sababu ya hoja ya mtu wa Kanada. Naamini pia Mungu anaweza kujibu baada ya kaburi, na mzee wako huenda sasa anasikia kuliko sisi sote.

Lakini nina mdogo wangu. Aliacha wokovu miaka minne iliyopita, alikuwa mpiga kinanda wetu. Aliniambia maneno karibu sawa na ya baba yako, kwamba anapiga watu wanalia yeye hahisi kitu. Nilimwambia ana dhambi iliyofichika, aitafute. Hatujaongea tangu siku hiyo.

Leo mchana nimempigia. Sikugusia Mungu. Tumeongea habari za mahindi.

Mwana wa Katekista

Mahindi yamekuaje?

Shujaa wa Maombi

Ya bondeni yamebeba. Ya juu jua limeyachoma. Amesema nikifika Jumamosi atanionyesha.